Amana Zilizojaa Ukumbini

Siku mama alipoanguka, mlango wa nyumba yake uligoma kufunguka kwa sababu ya vitu. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mjane wa makamo, alimsikia akigonga sakafu. Akaita, akaitikiwa kwa sauti ya chini, akasukuma mlango ukaachia upana wa kiganja na kukwama. Aliponipigia simu nilikuwa nyumbani kwangu Nguvumali nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilipanda bodaboda hadi kwake Mabawa, nikakuta watu wanne wameuwekea mlango mabega, na mama ndani anawasihi wasisukume kwa nguvu, watavunja vyombo vya watu.

Mguu umenasa, ana saa mbili sakafuni, na anaulizia vyombo. Nilitamani kucheka, nikashindwa. Akaitwa seremala wa mtaa wa pili, akang'oa bawaba, mlango ukashushwa mzima mzima na kuegemezwa barazani. Ndipo nilipoiona nyumba niliyozaliwa.

Nilikuwa sijavuka kizingiti kile karibu miaka miwili. Kila nikija namkuta mama barazani, ametandika mkeka, chupa ya chai iko pembeni na vikombe viwili vimefunikwa kawa. Tunazungumza, nakunywa, naaga. Nilikuwa namsifia kwa mume wangu kwamba bibi yule anapenda upepo. Kumbe alikuwa ananizuia nisiingie, kwa adabu kubwa, na mimi mwenye macho mawili na cheti cha ualimu nilifurahia chai.

Ukumbi ulikuwa umebaki ujia wa kupita mtu mmoja kwa ubavu. Kushoto na kulia kulipangwa vitanda vilivyofunguliwa, makabati, masanduku ya bati, masufuria ya shughuli yaliyopandishwa moja juu ya jingine hadi karibu na dari. Mama alikuwa mwisho wa ujia, mlangoni pa chumba chake, ameketi chini na mguu wa kushoto umeingia katikati ya miguu ya chuma ya cherehani. Nilipomwinua alinishika shingo kwa nguvu, na nilihisi jinsi alivyopungua. Nilimkasirikia hapo hapo. Sioni haya kusema hivyo, maana mapenzi na hasira kwangu huja pamoja na mara nyingi hasira ndiyo hutangulia.

Hakuvunjika. Mguu uliteguka, ukafungwa bandeji, na daktari akasema akianguka tena katika umri ule asije akashangaa asipoinuka. Nilimtumia kaka yangu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, picha za ukumbi. Nilizituma ili anihurumie. Alinipigia baada ya dakika chache, na sauti yake ilikuwa ile ya kikazi anayoitumia akishaamua jambo. Alisema anakuja Ijumaa. Akiukuta ukumbi unapitika watu wawili sambamba, mlango unafunguka wote, na cherehani ile iliyomwangusha mama haimo ndani ya nyumba, atatafuta msichana wa kukaa na mama na mambo yataishia hapo. Akikuta vinginevyo, anamweka mama kwenye gari na kuondoka naye. Ilikuwa Jumamosi.

Nilipomfikishia mama maneno hayo alikuwa kitandani, mguu juu ya mto. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Dar es Salaam mie sina hata mtu wa kumuamkia asubuhi. Nikaketi ghorofani ningoje nini?" Akaongeza kwa sauti ndogo kwamba nisimwache achukuliwe. Mama yangu hakuwahi kuniomba kitu maishani mwake. Nilimwambia haendi popote, nikamwapia.

Sasa lazima nieleze vitu vile vilitoka wapi, maana mtu akisikia nyumba imejaa atadhani ni mama mkongwe anayeokota makopo. Makopo yalikuwepo, nitayafikia. Lakini mama alifundisha chuo cha Kurani kwa wasichana, uani pake, tangu mimi sijajua kuvaa kanga. Wasichana wale walikua, wakaolewa, na baadhi yao wakaachwa. Mwanamke akiachwa huku kwetu, vyombo ni vyake: kitanda alichopewa na wazazi, kabati, masufuria aliyoyanunua kwa pesa za mchezo wa upatu. Lakini avipeleke wapi siku hiyo hiyo? Kwa wazazi kumebanana, na vikibaki kwa mume, mwezi haupiti vinakuwa na mwenyewe mwingine. Basi walivileta kwa mwalimu wao. Wengine walikuja na mkokoteni mchana kweupe, wengine na mzigo kichwani huku wakilia.

Na walikuwa na utaratibu wao. Kanga huuzwa doti, mbili zinazofanana. Mwenye mzigo alikuwa akifunga kanga moja juu ya vitu vyake, na ya pili akiondoka nayo. Siku ya kuchukua, hata miaka ikipita, hata akimtuma mtu mwingine, mjumbe alikuja na pande la pili, mama akazilinganisha, akatoa mzigo bila swali. Hakuandika popote. Alijua kila kanga ni ya nani, aliachwa na nani, na kwa sababu gani, na hilo la mwisho hakumwambia mtu. Nilikulia katikati ya mafurushi yale nikijua kwamba kugusa fundo la kanga ya mtu ni kupigwa.

Wengi walirudi kuchukua. Wengine waliolewa tena wakanunua vipya, wakahamia mbali, wakasahau. Mama hakusahau. Na baba alipofariki, nadhani, ndipo alipoanza na vyake: ndoo za rangi zilizokwisha, makopo, madumu, chupa za maji, mifuko ndani ya mifuko, mabaki ya vitambaa. Vyake alivipanga nyuma ya vya watu, na ukiuliza, vyote vilikuwa amana.

Jumapili asubuhi nilikuja na glovu za mpira na magunia matupu, nikaanza na ndoo. Nilikuwa nimetoa sita nje aliposimama mlangoni pa chumba chake kwa gongo na kuniambia ndoo zile ni za mtu. Nikamuuliza za nani. Akasema za mtu. Nikamuuliza mtu huyo aliachwa na mume gani akakimbia na ndoo sita za rangi zilizokauka. Mama alinikata jicho, kisha mdomo ukamcheza kidogo. Tulielewana hapo. Vyake nitoe, ila mbele ya macho yake. Vya watu haviondoki mpaka mwenyewe, au mrithi wake, atamke kwa kinywa chake kwamba amemsamehe, na aitaje kanga yake ilivyokuwa.

"Mie n'taulizwa," alisema. "Wewe huulizwi. Aliyekabidhiwa ni mie."

Nilichukua ruhusa kazini, nikakaa kwenye sanduku la mtu pale ukumbini na simu, nikaanza kutafuta wanawake wa watu. Nilipata namba moja kwa mwalimu wa zamani, nyingine kwa muuza samaki, nyingine msikitini. Nikimpata mhusika naweka sauti ya nje, mama anamwamkia au anaamkiwa, wanaulizana hali kwa urefu ambao uliniua polepole, halafu anauliza kanga. Mmoja alikuwa Korogwe, bibi sasa. Alipoambiwa kitanda chake bado kipo akasema kanga ilikuwa ya kijani yenye mikungu ya ndizi, na kitanda kile apewe yeyote anayeolewa kwa raha, maana yeye hakukilalia kwa raha hata usiku mmoja. Mwingine alikuwa palepale Mabawa, mitaa miwili tu. Alikuja mwenyewe, kanga imekunjwa kwenye mfuko wa plastiki, akasimama mbele ya masufuria yake akiyashika mashikio moja moja.

Nakiri nilianza kwa dharau. Siku ya pili dharau ilipungua. Lakini hofu ilikuwa inapanda, kwani kwa kila mzigo ulioondoka mama alilala saa nzima ameupa uso ukuta, na kaka alikuwa anatuma ujumbe kila asubuhi: vipi ukumbi? Tuligombana kwa ajili ya mitungi ya plastiki. Tuligombana kwa ajili ya mwavuli usio na kitambaa. Jumanne jioni nilimwambia kwamba anataka kufa chini ya takataka na mimi nitakuja kumfukua. Nilimwona akiyapokea maneno hayo, na sikuyarudisha.

Jumatano asubuhi ukumbi ulikuwa karibu wazi. Mafurushi sita madogo, ya wenyewe walio hai ambao hawakupatikana bado, tuliyahamishia kwenye chumba cha uani, mama akiwa amekubali kwa sababu yalibaki chini ya dari ile ile. Ikabaki cherehani.

Ilikuwa ya miguu, meza ya mbao na chini chuma kizito, imefunikwa kanga ya buluu yenye korosho za njano. Mwenyewe alitoka Mkwaja, mwanafunzi wa kwanza kabisa wa mama, mshonaji. Mumewe alitaka kuiuza ili aoe mke wa pili, naye akaibeba alfajiri pamoja na dada yake, wakaileta. Nilipiga simu Mkwaja mpaka nikampata mtu wa ukoo. Alisema yule bibi alishafariki, siku nyingi. Aliacha binti mmoja, aliyevuka maji kwenda kuolewa Pemba au Unguja, na namba yake hakuna aliyekuwa nayo. Mama alisema inna lillahi, akamwombea, kisha akasema kwamba basi ni ya binti, na itamngoja.

Nilimkumbusha sharti la kaka. Akasema anajua. Nikaomba niipeleke kwangu Nguvumali ikae huko. Akajibu kwamba aliyeikabidhi hakuikabidhi kwangu, na amana haihamishwi kwa asiyeaminiwa na mwenyewe. Nikasema, kwa sauti ambayo jirani aliisikia, kwamba chuma hiki kimemwangusha, kitamwondoa nyumbani kwake, na mwenyewe amekufa. Mama akasema kwa upole uliozidi kuniudhi kwamba wafu wana haki kuliko sisi, maana hawawezi kuja kudai.

Nilitoka nje. Nilisimama upande wa pili wa barabara penye kibanda cha muuza mihogo. Siku mbili zilibaki. Akilini niliiona picha ya mama kwenye kochi la sebuleni kwa kaka, ghorofa ya tatu, televisheni imewashwa na yeye anatazama mlango. Nikampigia shoga yangu, mwalimu mwenzangu shuleni, mzaliwa wa Unguja mwenye lafudhi yake. Nilimweleza haraka. Aliguna, akasema hili si jema. Nikamwambia ni la kumwokoa mama yangu. Nikamweleza jina la bibi wa Mkwaja, kwamba ana binti, na kwamba kanga ni ya buluu, korosho za njano.

Simu iliingia baada ya alasiri. Nilijifanya kuipokea kwa mshangao, nikaweka sauti ya nje, nikaishika karibu na mama. Shoga yangu aliigiza vizuri kupita nilivyomwomba. Aliamkia shikamoo kwa unyenyekevu, akasema amepata habari kwa watu wa Mkwaja, akamlilia mamake kidogo. Mama alimpa pole. Akamuuliza ana watoto wangapi. Watatu. Kisha akauliza kanga.

"Ya buluu, bibi. Ina korosho za njano."

Mama alitazama simu. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, ukalainisha kanga aliyovaa, ukarudi. "Haya, mwanangu," akasema. "Nimesikia." Shoga yangu akasema amemsamehe dunia na akhera, vitu vile avitoe atakavyo. Mama akamshukuru, akamwombea, simu ikakatika.

Nilimuuliza kama sasa inaweza kuondoka. Akasema, si umesikia mwenyewe? Akaomba msaada wa kuinuka, akajikongoja hadi penye cherehani, akaivua ile kanga, akavuta droo ya pembeni na kutoa kitu kidogo ambacho sikukijali, akakifumbata. Kisha akarudi chumbani.

Ningeweza kuipeleka kwangu kwa siri. Nimelifikiria hilo mara nyingi, maana ndilo linalonichoma. Nyumba yangu ni ndogo, lakini ukutani pana nafasi ya cherehani. Ila nilikuwa na hasira na chuma kile. Nilitaka kisiwepo popote. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na guta lake la magurudumu matatu akipiga kengele, nikamwita, akaipakia yeye na seremala aliyekuwa anarudisha bawaba za mlango. Nilimwambia aiondoe tu, sitaki kitu. Alinitazama kama mtu mwenye wazimu, akaondoka haraka kabla sijabadili mawazo.

Usiku ule nililala usingizi mzito kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Alhamisi nilipiga deki. Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya saruji nyekundu, nilikuwa nimeisahau rangi yake. Nilifungua mlango wote mpaka ukagusa ukuta, nikaufunga, nikaufungua tena. Mama alikula kidogo. Asubuhi aliniuliza kama nina neno la kumwambia. Nikasema neno ni kwamba nyumba inapendeza. Jioni, nilipokuwa nambadilishia bandeji, aliuliza tena, kwa maneno yale yale, akinitazama usoni. Nikamwambia, mama, pumzika, kaka yuaja kesho na hakuna wa kukuondoa hapa. Aliitikia kwa kichwa.

Kaka alifika Ijumaa baada ya swala, na kanzu yake, jasho linamtoka. Alimwamkia mama, akambusu mkono, kisha akatembea ukumbi wote taratibu akiwa amenyoosha mikono miwili pembeni kama anapima kiwanja. Alichungulia chumba cha uani, akaona mafurushi sita, akayaacha. Aliuliza cherehani. Nikasema imeondoka. Akacheka, akanikumbatia, akaniambia sikudhani utaweza. Nilijisikia mtoto aliyeshinda mtihani. Akamgeukia mama akasema basi, mama, unabaki kwako, na msichana nimeshampata.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti pale ukumbini, katikati ya uwazi ule wote. Alifumbua kiganja. Ndani palikuwa na kipande cha kitambaa, kikubwa kama cha kufutia miwani, kingo zimeliwa. Kilikuwa kisutu: nyekundu, nyeusi, na nyeupe, ile kanga anayovishwa bibi harusi.

"Hii ndiyo kanga ya cherehani," alisema. "Panya waliila, nikabakiza hiki. Ile ya korosho nilifunika mie, ni yangu, baba yako alininunulia. Binti wa yule bibi hawezi kuijua."

Kaka alinitazama, akamtazama mama, hakuelewa. Mimi nilielewa tangu neno la panya. Nilipiga magoti mbele ya kiti. Nilisema nilifanya vile ili asiondoke, na nilisema mengine ambayo siyakumbuki. Nikamuuliza, tena kwa ukali, kwa nini hakunizuia siku ile, kwa nini aliiacha cherehani ikatoka mlangoni anajua.

Hakukasirika. Ningeshukuru angekasirika.

"Nilisema utajizuia mwenyewe," alisema. "Nikakungoja jana yote." Kisha akaniwekea mkono kichwani, mkono ule wa kuombea dua. "Lakini usiubebe mzigo huu peke yako. Mie nilijua ni uongo nikasema nimesikia, kwa sababu nilitaka kubaki. Miaka yote hii sikuchukua hata sindano ya mtu. Nimetoa cherehani ya maiti ili nipate kulala kitandani kwangu. Sasa kitanda chenyewe hakilaliki." Akamgeukia kaka, akamwambia amtafutie mtu wa kumfungia nguo, kesho wanaondoka pamoja.

Kaka alibishana naye kwa saa nzima. Wiki nzima alitaka kumchukua, sasa alikuwa anamsihi abaki. Mimi sikubishana. Niliondoka mbio kumtafuta mnunuzi wa vyuma, nikiuliza kijiwe kwa kijiwe, na nilimpata karibu na magharibi ananawa miguu. Alikumbuka. Kichwa cha cherehani alikiuza siku ile ile kwa mtu aliyepita, hamjui, na meza ilishakatwa kuni. Miguu ya chuma aliipima pamoja na mabati, na lori lilikuwa limeshapakia na kuondoka. Aliona uso wangu akaniuliza kama ilikuwa ya urithi. Nikasema ndiyo, lakini si wetu.

Jumamosi asubuhi mama alitoka barazani amevaa buibui, gongo mkononi, mkoba mmoja mdogo. Mtu aliyeshindwa kutupa mwavuli usio na kitambaa aliondoka na mkoba mmoja. Majirani walikuja kumuaga, wakalia, akawatania ili wasilie. Kaka aliwasha gari. Mimi ndiye niliyefunga madirisha na mlango, nikauzungusha ufunguo mara mbili, nikamletea ili autazame kwamba nyumba imefungwa, halafu nikaacha mkono wazi nikingoja anirudishie.

Alimwita jirani. Akamshika mkono, akamwekea ufunguo kiganjani, akaanza kumwambia polepole yale mafurushi sita yaliyobaki chumba cha uani: ya zambarau ni ya fulani, aliyeolewa Pangani, ya maua mekundu ni ya fulani, ana kovu shavuni, akija utamjua. Yote sita, kanga moja moja. Jirani alikuwa anarudia kila neno. Alipomaliza alimuuliza kama amezikubali amana hizo, jirani akasema nimezikubali. Mkono wangu ulikuwa bado uko wazi. Niliurudisha, nikaushika kwa mwenziwe.

Kisha akanikumbatia, akanibusu paji la uso, akaniombea watoto wangu. Mapenzi yake hayakupungua hata chembe. Ufunguo tu ndio haukuwa wangu.

Nampigia kila jioni. Anapokea, ananiuliza shule, ananiambia ghorofani kuna joto na msichana wa kazi wa kaka anapika wali mgumu. Binti wa Mkwaja bado namtafuta. Nimeshapiga simu Wete, Chake Chake na Makunduchi, na kila anayepokea namuuliza kwanza kama anakijua kisutu cha mamake. Jumamosi nikipata nafasi huenda Mabawa kufagia. Nabisha hodi kwa jirani, anatoka na ufunguo, anafungua mlango, anaketi barazani na kusubiri nimalize. Hanisemi, hanisimangi, tena ananikaribisha chai. Nikishatoka anaingia mara moja chumba cha uani, anatazama mafurushi yote sita, halafu anafunga.